Nyumba Nilizozifuta Mutsamudu

Ipo siku moja ya Mutsamudu ambayo mpaka leo haijaniacha nipumzike, mwanangu. Sipendi kuisimulia, inanichosha. Lakini juzi umekabidhiwa zahanati, ukaja hapa kwangu Moroni kuniuliza uanzie wapi, na sina jibu jingine la kukupa.

Nilipelekwa kisiwa kingine, huko Mutsamudu, nikiwa kijana, nimetoka tu kwenye mafunzo ya uuguzi, najiona najua kila kitu. Zahanati yetu ilikuwa ndani ya vichochoro vya mji wa kale, vyumba viwili na baraza. Mkuu wangu alikuwa mkunga mtu mzima, Bweni Zahara. Bweni ndivyo tunavyomwita mwanamke wa heshima. Yeye hakungoja wagonjwa waje. Alizunguka nyumba kwa nyumba, akajua nani mjamzito, mtoto gani hajachanjwa, nani ana presha na vidonge vyake vinakwisha lini. Kila nyumba, yenye mgonjwa na isiyo naye, ilitoa mchango mdogo kila mwezi, na kwa mchango huo tulinunua dawa. Yote hayo aliyaandika kwenye madaftari ya shule yaliyochakaa.

Mimi nikayaonea aibu madaftari yale. Nikahamishia kila kitu kwenye fomu kubwa zilizotoka Moroni, ambazo mstari wa kwanza ulitaka jina la mkuu wa kaya, nami nikajaza majina ya waume. Bweni Zahara akazitazama, akasema, "Umeandika wageni, mwanangu." Nikacheka kimoyomoyo. Nilijua vizuri kwamba kwetu nyumba ni ya mwanamke, hujengewa na wazazi wake, na mume ndiye huhamia kwake. Lakini fomu ilikuwa na muhuri, basi nikaiamini kuliko macho yangu.

Kisha kisiwa kile kikajitenga na serikali ya Moroni. Meli za kutoka Moroni zikawa za kubahatisha, na kabati la dawa likaanza kuonyesha mbao. Wanaume wakaondoka kutafuta kazi, huyu kisiwa cha Maore, yule Moroni. Kila niliposikia fulani kaondoka, nilipiga mstari juu ya jina lake, na kaya yake ikatoka kwenye orodha ya nyumba za kuzungukia. Orodha ikawa fupi, nami, Mungu anisamehe, nikafurahi kwamba dawa chache zitatosha.

Kati ya niliowafuta alikuwa kuli mmoja wa bandarini. Mkewe, Bi Hairia, alikuwa mshona kofia, na alikuwa na presha. Kwa miezi mitatu sikubisha hodi kwake, wala sikumpelekea kidonge.

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine. Asubuhi dada yake Bi Hairia alikuja barazani bila viatu, tukatoka mbio mimi na Bweni Zahara. Tulimkuta mkekani, mdomo umepinda, mkono wa kulia umelala kama si wake. Nikauliza, kwa ukali wa mtu aliyekwisha kujua kosa ni lake, kwa nini hakuja kuchukua vidonge.

"Alidhani dawa zimekwisha," dada yake akasema. "Alisema mngekuwa nazo mngekuja. Mchango wenu huu hapa, amekuwa akiuweka." Akaninyooshea kikombe chenye mchango wa miezi mitatu.

Nilishindwa kukipokea. Bweni Zahara hakupandisha sauti. Aliniuliza tu, "Wewe ulizaliwa nyumba ya nani?"

Nikasema, ya mama.

"Na baba yako aliposafiri, nyumba ilisafiri naye?"

Nililia pale pale mbele ya mgonjwa, na aibu ile ninayo bado.

Tukaanza upya, mlango kwa mlango, hadi mji jirani wa Mirontsy. Nyumba nilizozifuta zilikuwa zimejaa watu: wajawazito, watoto, bibi vizee. Na karibu zote zilikuwa tayari kuchanga, ila hakuna aliyekwenda kuziomba. Kumbe kisanduku chetu cha michango kilikuwa kimekauka kwa mkono wangu, si kwa siasa peke yake. Michango ile ndiyo iliyotuvusha miaka ya kujitenga. Bi Hairia aliishi, lakini sindano hakuishika tena. Nilimpelekea vidonge mwenyewe kila mwezi mpaka nilipohamishwa, na kila mara alinikaribisha kahawa. Angenitukana ingekuwa nafuu.

Basi, mwanangu, andika nyumba kwa jina la anayebaki ndani yake. Ukiona foleni mlangoni usidhani hiyo ndiyo kazi yote. Waulizie wale wasiokuja. Mchango uchukue kwa mzima na kwa mgonjwa, maana zahanati inayongoja fedha za wagonjwa peke yao haifiki mbali, lakini usiupokee kwenye mlango ambao hukuuliza hali ya waliomo. Wakubwa watakuletea fomu. Zijaze, ila zisikusahaulishe ulichokijua tangu kwa mama yako. Na siku orodha ikipungua, usifurahi kabla hujaenda kuona.

Mimi nimechoka, nenda sasa. Mungu akupe afya ya kuzunguka, mwanangu, na akufikishe kwenye kila mlango watu wake wakiwa bado wamesimama.