Koleo la Elfed

Elfed Pritchard alichimba kokoto katika machimbo ya Bryn Coch kwa miaka thelathini, na machimbo yalipofungwa hakuyaacha. Kila Aprili alikwangua magugu na udongo kwenye ukuta wa machimbo kwa koleo, ili matabaka ya mchanga na mawe yaliyoburutwa na barafu ya kale yaonekane na kila apitaye.

Kisha machimbo yakatangazwa kuwa hifadhi. Afisa mpya, Bi Lowri, akatia kufuli langoni.

“Usiuguse tena ule ukuta, mzee wangu. Sasa unalindwa.”

“Unalindwa na nani, binti yangu? Na miiba?”

Kwa miaka mitatu Elfed alisimama langoni akitazama miiba ikiumeza ukuta alioutunza nusu ya umri wake, na katika wataalamu wote wa hifadhi waliopita pale hakuna aliyeona haja ya kumuuliza neno.

Mwaka wa nne Bi Lowri alileta wanafunzi kuja kuona kazi ya barafu. Waliona kichaka. Alasiri hiyo akabisha hodi kwa Elfed.

“Mzee, lile koleo bado unalo?”

“Ninalo, lakini haliazimwi,” akasema Elfed, akivuta buti zake. “Linakwenda na mwenyewe.”