Binti yangu aliiuliza AI mama yake alikuwa na sauti gani

Wakuu, nawasalimu kutoka Kampala. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, chumvi sijaongeza.

Mimi ni Mkongo wa Bukavu, nina duka la kuprinti hapa Wandegeya, karibu na chuo kikuu. Nalea binti yangu Neema peke yangu, ana miaka kumi na sita. Mama yake alifariki tukiwa njiani kukimbilia Uganda, Neema akiwa na miaka mitano.

Tangu hapo hatukuwahi kumzungumzia. Nilijua mtoto ameshasahau.

Kumbe!

Jumamosi mchana akaja dukani na flash. "Papa, niprintie hii. Halafu usome. Mimi nakaa nje."

Karatasi thelathini na moja. Mazungumzo yake na AI, ya miezi mingi.

Wanafunzi wamepanga foleni na coursework zao, nikawaambia mashine imekufa. Mungu anisamehe.

Wakuu, kila nilipodhani anasoma, alikuwa anaandika humo. Kwamba usingizi haupati. Kwamba siku nyingine anatamani asiamke tena.

AI ikamwambia aongee na mtu mzima anayemwamini. Akajibu: "Nina Papa tu. Mtu akimtaja Mama, Papa anatoka nje. Sitaki kumuumiza."

Miaka yote hiyo, mtoto ndiye alikuwa ananilinda mimi!

Ukurasa wa mwisho aliuliza: "Mama yangu alikuwa na sauti gani? Nimeisahau." Ikamjibu kwamba haiwezi kujua, amuulize aliyemfahamu.

Nikatoka. Yupo kwenye ngazi, anajing'ata kucha. Nikakaa kando yake.

"Bado unatamani usiamke?"

"Leo hapana, Papa."

Nikamshika mkono. Nikamwambia mama yake alikuwa na sauti nzito, hata mwalimu wa kwaya alimpanga na wanaume, mama yake akacheka mpaka akatolewa nje.

Neema akacheka.

Wakuu, nywele zilinisimama. Kicheko kile ni cha mke wangu, kile kile. Nimeishi nacho nyumba moja miaka kumi na moja, masikio yangu yamefungwa.

Sasa tunaonana na counsellor, mimi na yeye. Simu sijamnyang'anya. Nilichojifunza: alikwenda kwa mashine kwa sababu mlango wangu ulikuwa umefungwa.

Wenye watoto wakimya, ninyi mlianzaje kuongea nao? Niambieni, mimi ndiyo kwanza naanza.