Mahindi ya Vitambaa Vyekundu

Sisi wa bondeni, chini ya milima ya Uluguru, tukishavuna mpunga ardhi inabaki na unyevu, na kuuacha upotee ni dhambi. Tunapanda mahindi. Ila mbegu yetu ya zamani ni mvivu. Ikija kubeba, udongo umeshapasuka kama visigino vyangu, unaambulia magunzi.

Ndiyo maana mjukuu wangu, anayesomea kilimo mjini, aliponiomba jaruba apande aina tatu za mahindi chotara, aone ipi itawahi na ipi itazaa, nilimpa lile zuri, la karibu na mfereji. Mimi shule niliiona kwa mbali. Yeye nilijisifia naye kila mahali, hata msibani. Wanawake wenzangu wakasema watamsubiri, mbegu atakayosema ndiyo watakayonunua wote. Basi akikosea, bonde zima linalala njaa, na mjukuu ni wangu.

Akachana kanga zangu kuukuu, akafunga vitambaa vyekundu, vyeupe na vya bluu kwenye vijiti, kila aina na rangi yake. Tukaweka miiba kuzuia ngedere na nguruwe. Mtani hakuna aliyemfikiria.

Mahindi ya vitambaa vyekundu yalitangulia kubeba. Asubuhi moja tukakuta mabua yake matupu. Mtani wetu, mzee wa ukoo tunaotaniana nao tangu mababu, amekaa kwenye tuta na kikapu kimejaa, anachoma. Kwetu mtani akichukua cha shambani kwako hununi. Ukinuna, mwenye kosa ni wewe.

"Shikamoo babu," mjukuu akasema.

"Marahaba, mke wangu. Njoo ule mahari yako."

"Mahari gani, mzee wa magego mawili?" nikamwambia. "Hayo yalikuwa ya kupimwa kwenye mizani, siyo kwenye tumbo lako."

"Nimeshayapima. Matamu." Kisha akamwona mjukuu wangu analia, akaacha kutafuna. "Ningejua ni ya masomo, ningechukua kuku wa bibi yako."

Siku ya kuvuna wanawake walijaa tutani. Mahindi ya bluu yalikuwa yamekauka kabla ya kujaza. Meupe yalijaza, mizani ikashuka. Mekundu hayakuwa na cha kupima.

"Mtani haibi kibaya," mzee akasema. "Nunueni nyekundu."

Wakacheka, wakakubali. Na mimi nilitaka mjukuu akubali, yaishe, nirudi nyumbani shingo juu.

Akasimama. "Mama zangu, nyekundu iliwahi, hilo nimeliona. Kama ingejaza hadi kukauka, sijui. Msiinunue kwa neno langu. Nyeupe nimeipima. Hiyo naisimamia."

"Miaka yote shuleni, unatuambia hujui?" mmoja akasema.

"Ndiyo, mama. Hiyo sijui."

Nikamtazama mtoto wa mwanangu, bado hajalirudisha nyuma neno lake. Watu wazima wangapi nimewaona wanadanganya kwa aibu ndogo kuliko ile? Nikasema kwa sauti, mimi nanunua nyeupe, na jaruba la karibu na mfereji bado ni lake, apande nyekundu upya.

Wenzangu wakafuata, mmoja mmoja, wengine kwa kunung'unika. Mtani nikamwambia safari hii yeye ndiye mlinzi wa jaruba. Akauliza atapikiwa nini.