Mgeni Aliyeleta Habari za Mjomba

Bibi yangu alikuwa mtu wa kufunga mlango mchana kweupe kwa kuogopa wezi wa Kariakoo. Ndiyo maana nilishtuka, niliporudi kutoka sokoni, kumkuta mwanamume nisiyemjua ameketi ukumbini kwetu anakunywa chai, na bibi analia huku anacheka.

"Njoo umsalimie mwenzake mjomba wako. Mjomba wako yu hai!"

Mjomba, mwanawe wa pekee wa kiume, alipanda meli bandarini nikiwa bado mdogo, na habari zake zikakatika. Mtaa mzima ulijua. Bibi alimsimulia kila aliyesimama kumsikiliza.

Mgeni akaniambia mjomba yuko Mombasa, mgonjwa, hospitali wamemzuia mpaka alipiwe. Yeye anarudi huko jioni ile ile. Bibi akimpa chochote cha thamani, atamkomboa.

"Ila tusitangaze, dada. Watu wana husuda."

Nikaanza kumshuku. Haraka ya nini? Na siri ya nini? Mume wangu alikuwa kazini, majirani wamekwenda mkutanoni Mnazi Mmoja, na bibi alikwishaingia chumbani kutoa bangili zake za dhahabu. Nilimsikia akihangaika na kufuli la sanduku. Nilitaka kupiga kelele, lakini je, kama ni kweli? Kama ninamfukuza mtu aliyetumwa na mjomba, naye mjomba yuko kitandani anangoja?

Kufuli likafunguka. Nikamuuliza mgeni kwa upole:

"Kaka, na lile kovu lake la shavuni, bado linamsumbua?"

"Aa, limepona. Imebaki alama tu."

Mjomba hakuwa na kovu.

Nikaenda kusimama mlangoni pa chumba, nikamzuia bibi asitoke. "Bibi, huyu hamjui mjomba! Nimemzulia kovu, naye kalikubali."

Mgeni hakungoja kujitetea. Nilipogeuka, ukumbi ulikuwa mtupu, kofia yake iko mkekani.

Nilidhani bibi atanishukuru. Alikaa kitandani, bangili mapajani, akanitazama kama mtu niliyemkosea.

"Ungemwacha kidogo," akasema. "Ungemwacha aniambie mwanangu anafananaje siku hizi."

Nikazirudisha bangili sandukuni. Kuanzia hapo nikahamishia cherehani yangu ukumbini, nikawa nashona karibu na mlango. Kila mtu alipopiga hodi nilisimama kabla ya bibi, maana nilimwona anavyouinua uso.