Mawe Yaliyopakwa Vanishi

Nina hasira, na sehemu yake inanihusu mwenyewe. Mimi ni mtu wa nyumbani. Natoka kwa nadra hivi kwamba nikifika Ngara mjini, bodaboda wananidhani mgeni, wananiuliza kama nimevuka mpaka leo asubuhi. Walipotafuta mjumbe wa kamati ya kukarabati kinu cha maji, kule chini mtoni Ntobeye, hawakuhangaika: walinikuta kwenye mkeka.

Kinu kile mama yangu alikitegemea tangu ujana wake, mpaka gurudumu lake la mbao lilipooza. Tangu hapo anapandisha mtama mlimani hadi kwenye mashine ya dizeli, ndoo kichwani, na mgongo umeshakataa. Mimi nilikuwa namsindikiza kwa macho. Kinu kikifufuka, kilima kile basi. Kwangu hilo ndilo lilikuwa jambo zima.

Gurudumu likachongwa jipya, paa likaezekwa. Kisha mwenyekiti wa kamati akasema mawe ya kusagia ni machafu, na wageni watakuja kuyapiga picha. Yasuguliwe yang'ae, yapakwe vanishi.

"Wanaokubali?"

Mkono wangu ulikuwa wa kwanza. Nilitaka kikao kiishe nikalale.

Siku ya ufunguzi mama akamimina mtama wake. Maji yakaja, jiwe likazunguka kwa madaha, na mtama ukatoka mzima vilevile, unanukia kabati jipya. Mwenyekiti akapiga makofi. Mama akapitisha kiganja juu ya jiwe.

"Nani kaling'oa meno?"

Nikatazama mto.

"Nakuuliza wewe, mjumbe. Jiwe hugongwa likwaruze. Ninyi mmelipamba kama bibi harusi."

"Mama, tulipiga kura."

"Basi kura hiyo kaisongee ugali."

Watu wakacheka. Mimi damu ilinichemka. Wanawake waliogonga mawe maisha yao yote walikuwa wanapalilia maharage hatua chache kutoka kwenye kikao chetu, na hakuna aliyewaita. Nami nalala nyumba moja na fundi mwenyewe.

Kesho yake nikashuka na nyundo na tindo. Jirani akanisaidia kulipindua jiwe la juu. Mama akaketi juu ya ndoo yake, akielekeza. Mwenyekiti akafika anahema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mwambie huyu aache. Anaharibu urithi."

"Wewe utanibebea mtama mpaka juu?"

"Wageni wanakuja Jumamosi, mama."

"Waje na mtama wao." Akanigeukia. "Hapo bado panateleza. Gonga."

Nikagonga, mapigo mengine nikimfikiria mwenyekiti, mengine nikiufikiria ule mkono wangu niliouinua kikaoni.

Tulipolirudisha jiwe, unga wa kwanza ulitoka na mchanga, tukawamwagia kuku. Wa pili mama aliuonja, akatema, akanirudisha kugonga upande wa kulia wa jiwe. Malengelenge yalishapasuka viganjani. Wa tatu aliufunga kwenye kitenge, akaenda nao nyumbani bila kunishukuru, na sikuona cha kushukuriwa.