Kipa wa Kuanzia Mechi

Mimi nauza jezi Kariakoo, na mashine ya kuchapa majina mgongoni ni yangu mwenyewe, kwa hiyo mtu asije akanifundisha nani anapendwa katika mpira wa Bongo. Ng'ambo ya kibanda changu kuna kijiwe cha kahawa. Pale wanaume wazima wanakaa tangu asubuhi wakilia kwamba wachezaji wa kigeni wamejaa, wazawa wanaozea benchi, mpira wetu umekufa. Wakimaliza kulia wanavuka barabara kuja kwangu, na kila mmoja anataka jina la mgeni mgongoni. Nawachapia. Biashara ni biashara, lakini heshima yao kwangu iliisha zamani.

Mdogo wangu ni kipa. Si wa zile timu kubwa mbili zinazotugombanisha mtaani. Yeye yuko klabu ya tajiri mmoja aliyeinunua akaijaza wageni, golini akaweka jitu refu kutoka mbali, na mdogo wangu akabaki kuvaa bukta safi na kutoka nayo safi. Mama yetu anakaa nyumba ileile ya Ilala tuliyozaliwa. Kila mechi anakaa mbele ya televisheni akingoja kamera ipite benchi, ikipita anasema, "Yule pale." Jirani mmoja, mwanamke asiye na simile, alimuuliza siku moja mbele za watu kama mwanawe ni kipa kweli au ni mbeba mipira. Mama alicheka na wenzake. Usiku hakula. Tangu hapo alikuwa na ombi moja tu duniani, amwone mtoto wake akidaka mechi nzima, na yule jirani awe amekaa palepale anatazama.

Basi wakubwa wa mpira wakatangaza mageuzi. Walitangazia hotelini, suti zimewabana matumbo, kila aliyeshika maikrofoni anasema "uzalendo" kana kwamba ameligundua yeye. Kombe la mtoano, walisema, sasa litakuwa la kuinua wazawa: kila timu ianze mechi na kipa mzawa na wenzake kadhaa waliolelewa kwenye timu za vijana za humuhumu nchini. Wakapiga makofi, wakala pilau, wakaondoka. Hakuna hata mmoja aliyejisumbua kuuliza hao wazawa wakishaanza watacheza mpaka saa ngapi. Watu waliokaa vikao vyote vile, wamekunywa maji yote yale ya chupa, wametuletea sheria ambayo hata muuza maji wa Mchikichini angeona ilipotoboka.

Lakini mama alifurahi, na furaha ya mama sikuwa na ubavu wa kuitia mchanga. Aliniagiza jezi. Nikachapa jina la mdogo wangu kwa mara ya kwanza tangu ninunue ile mashine. Mama akaivaa juu ya dera, akakaanga visheti, akaita majirani, na yule wa mbeba mipira akamwita wa kwanza. Mvua ilikuwa imenyesha na Jangwani hapapitiki, lakini watu walijaa sebule mpaka mlangoni.

Mdogo wangu alianza. Ikaja krosi, akaruka katikati ya watu, akaidaka na kuikumbatia kifuani. Yule jirani aliacha kutafuna. Mama alijiweka sawa kwenye kiti, na nikaona kiti chenyewe hakimtoshi.

Halafu mpira ukiwa mbali kabisa, upande wa pili, hakuna mtu karibu yake, mdogo wangu akakaa chini. Akashika paja la kushoto. Mtangazaji akasema ni bahati mbaya iliyoje. Bahati gani? Mimi nilikuwa natazama pembeni mwa uwanja, na lile jitu lilikuwa limeshavaa glavu, limeshapasha misuli, linangoja mtu aumie. Muda si mrefu kipa mzawa wa timu pinzani naye akashikwa na paja. Ugonjwa wa mapaja uliwashukia watoto wa nchi hii jioni moja, wageni ukawaruka. Nilisonya mpaka jirani akageuka.

Mama hakuona hayo. Aliona mwanawe anashikiliwa mabegani anatolewa nje, akainuka kwenda kutafuta sufuria ya kuchemshia maji. Majirani wakampa pole, wakabeba visheti, wakaondoka.

Baada ya magharibi mdogo wangu alikuja. Nilimzuia mlangoni. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba aliambiwa tangu chumba cha kubadilishia nguo: daka mpira mmoja, kaa chini kama umeumia, isionekane tunaichezea sheria, ukikataa mkataba wako hauongezwi.

"Na wewe ukakaa," nikamwambia.

"Dada, ningefanyaje? Mama asijue tu."

Nilimdharau kwa muda wa kuvuka ukumbi, nikaona dharau yangu nimtunzie mwenye kustahili. Na mwenye kustahili alikuwa kwenye televisheni, mkubwa mmoja wa kombe anahojiwa, amejaa tabasamu, anasema mageuzi yamefaulu kwani timu zote zimeanza na wazawa. Hakuna aliyemuuliza habari ya mapaja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Njoo ukae hapa nikukande."

Mama alikuwa ametandika mkeka. Beseni la maji ya moto na chumvi liko pembeni, mafuta ya nazi kwenye kisosi, na ile jezi bado ameivaa. Mdogo wangu akakaa, macho chini, akapandisha suruali na kumnyooshea mguu.

Wa kulia.

Mimi niliona. Na mama, ambaye hakupepesa macho muda wote mwanawe alipokuwa golini, aliona pia. Aliutazama ule mguu, kitambaa kinamchuruzikia maji mkononi. Akanitazama mimi, nikaangalia ukutani. Halafu akakikamua kitambaa, akakiweka juu ya paja la kulia, akaanza kukanda taratibu.

"Pole, baba," akasema. "Najua panauma."