Chokaa ya Mkwe Wangu

Nilimtukana mkwe wangu siku ile, na mpaka leo sijamwomba radhi.

Kikundi chetu cha sabuni ya mwani, hapa Ndagoni, hakikuwa na daftari. Daftari la nini, na sisi kina mama tisa hakuna anayejua kuandika zaidi ya jina lake? Tulikuwa na ukuta wa stoo. Kila mama na alama yake: huyu pweza, yule nyota, mimi jembe. Ukileta gunia la mwani, nakuchorea mstari kwa msumari. Ukishalipwa kutoka kwenye ruzuku ya serikali, naukata. Hajadhulumiwa mtu.

Tukaletewa habari: Alhamisi anakuja mkaguzi kutoka Kilindoni. Isipoonekana ruzuku imekwenda wapi, mashine ya kusagia inachukuliwa. Mashine ile! Kabla yake tulitwanga mwani kwenye kinu mpaka mabega yanakufa ganzi.

Jumatano natoka shamba, nakuta stoo inang'aa. Mkwe wangu, hata miezi miwili hajatimiza kwetu tangu aolewe, kaupaka ukuta chokaa.

"Mama, mgeni wa serikali aje akute ukuta umechorwachorwa kama wa watoto?"

"Watoto? Hiyo ndiyo hesabu yetu, mpumbavu we! Akili umeiacha kwenu?"

Akalia. Sikumbembeleza. Nikaupapasa ukuta kwa hasira, kidole kikazama kwenye mfereji. Msumari wangu ulikuwa umechimba, na chokaa yake nyepesi haikuufukia. Nikatwaa kipande cha mkaa, nikakilaza ubapa, nikasugua. Ukuta ukawa mweusi, mistari ikabaki myeupe.

Nikamtupia kipande kingine. "Futa machozi. Sugua."

Mkaguzi akaja na shati jeupe, peee.

"Shikamoo bibi. Vitabu viko wapi?"

"Marahaba. Umeviegemea."

Akageuka, mgongo mweusi tii. Kina mama wakaangua kicheko, mimi sikucheka. Nikamsomesha ukuta mama kwa mama, kila mmoja akisimama kwenye alama yake, mpaka adhana ya alasiri. Hesabu ikakaa sawa, hadi gunia la mwisho.

"Mashine inabaki," akasema. "Ila tafuteni daftari." Kisha akamgeukia mkwe wangu, mikono imejaa masizi. "Hongera, dada. Mistari myeupe hivi inasomeka vizuri sana."

Hongera! Yeye!